Disketi za Mariakani: Usafishaji na Urejeshaji wa Maandishi katika Historia ya Ushairi wa Pwani

Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yanaeleza jinsi tungo za mwalimu mmoja mstaafu wa Mariakani, zilizohifadhiwa katika disketi katika miaka ya 1990, zilivyosafishwa na kusomwa tena baada ya kukaa kabatini kwa zaidi ya miaka 20. Pili, yanajaribu kuiweka kazi hiyo mahali pake katika historia ya maandishi ya Kiswahili ya pwani ya Kenya, historia ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya kupotea na kurejeshwa. Tunadai kwamba kusafisha disketi si kazi ya fundi peke yake. Ni tendo la uhakiki, kwa kuwa kila hatua yake humlazimisha mhakiki aamue matini ni ipi, imekamilika kwa kiasi gani, na msomaji ana haki ya kuona nini.

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza disketi zina uhusiano gani na fasihi. Jibu letu ni kwamba waandishi wengi wa Afrika Mashariki walioanza kutunga kati ya mwaka 1985 na 2005 hawakuacha miswada ya mkono. Waliandika kwa tarakilishi, wakahifadhi kazi zao katika visahani vya plastiki ambavyo wengine walivita disketi na wengine flopi, na karatasi walizochapisha zimekwisha kuliwa na mchwa au kufungiwa maandazi. Iwapo hatutavisoma visahani hivyo mapema, kipindi kizima cha utunzi wetu kitabaki bila ushahidi wa jinsi kilivyotungwa.

Mwaka uliopita binti wa marehemu mwalimu huyo alifika idarani na bati la biskuti lililokuwa na disketi 11. Jina la mwalimu tumeliacha kwa makusudi, na sababu itadhihirika hapo baadaye. Binti alieleza kwamba alikuwa amekwisha kuipeleka disketi moja katika duka fulani la tarakilishi. Mashine iliuliza kama disketi ifomatiwe, kijana wa duka akakubali, na kufumba na kufumbua orodha ya mafaili ikawa tupu. "Daktari," alituambia, "watu wananishauri nizitupe. Lakini humu ndimo alimobaki baba." Tulimwomba atuachie bati hilo, tukampa hati ya kupokea iliyoorodhesha kila disketi na maneno yaliyoandikwa juu yake.

Mapito ya miswada ya pwani

Kabla ya kulifungua bati hilo, yafaa tukumbuke kwamba eneo hili si geni kwa suala la miswada. Mariakani iko katika barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, katika sehemu ya bara ya Kaunti ya Kilifi, mahali ambapo reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 huacha ukanda wa minazi na kuelekea nyika. Si mbali na hapo ni Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf alifungua kituo chake cha misheni mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, ndiye aliyepeleka Ujerumani katika miaka ya 1850 baadhi ya miswada ya tenzi iliyotangulia kuwafikia wataalamu wa Ulaya. Hivyo basi, njia inayopita Rabai na Mariakani ni miongoni mwa njia za kwanza ambazo maandishi yetu yalisafiri kutoka mikononi mwa wenyewe hadi katika maktaba za mbali.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni ule wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840. Muyaka hakuacha diwani. Tungo zake zilibaki katika vinywa vya watu wa Mvita mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipozikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Karatasi za Taylor zilifika London, na mwaka 1940 William Hichens akazitumia kutoa diwani iliyochapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa uchunguzi wake mpana juu ya mshairi huyo. Kwa maneno mengine, tunachokiita leo "Muyaka" kimepita kinywani, katika hati za Kiarabu, katika hati za Kilatini, na katika mikono ya watu wasiopungua wanne kabla ya kutufikia. Hakuna anayekana kuwa ni Muyaka, lakini pia hakuna awezaye kusema kwa yakini kwamba kila neno ni lake.

Tunaweza kuongeza mifano mingine. John Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya mkusanyiko huo ilichapishwa mwaka 1970. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, aliziandika kwa siri, katika karatasi za chooni, tungo zilizokuja kuwa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Katika visa vyote hivi kitu kilichobeba utungo kilikuwa dhaifu kuliko utungo wenyewe: kumbukumbu ya mzee, karatasi inayoliwa na wadudu, karatasi ya chooni. Disketi ni ndugu mdogo katika ukoo huu. Lililo jipya ni kwamba yeye hawezi kusomwa kwa jicho. Mswada ulioliwa na mchwa nusu bado husomeka nusu yake. Disketi isiyo na mashine haisemi hata neno moja.

Maumbile ya disketi na maradhi yake

Disketi za inchi 3.5, ambazo ndizo zilizokuwamo katika bati letu, zilienea ulimwenguni katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Ndani ya ganda gumu la plastiki mna kisahani chembamba cha poliesta kilichopakwa unga wa madini ya sumaku, na unga huo umeshikizwa kwa gundi. Kichwa cha kusomea hugusana na kisahani hicho kinapozunguka mara 300 kwa dakika. Disketi ya kawaida ya miaka ya 1990 ina pande mbili, kila upande una mizingo 80, na kila mzingo umegawanywa katika sekta 18 zenye baiti 512 kila moja. Ukizidisha utapata sekta 2,880, yaani baiti 1,474,560. Kati ya sekta hizo, 33 za mwanzo hutumika kuweka taarifa za disketi yenyewe, ramani ya mafaili katika nakala mbili, na orodha ya majina. Zilizosalia 2,847 ndizo hubeba maandishi.

Hesabu hii ina faida kwa mhakiki. Fomati ya haraka, kama ile iliyofanywa dukani, hufuta ramani na orodha tu; maandishi hubaki katika sekta zake. Ni kana kwamba mtu ameichana yaliyomo ya kitabu akaacha kurasa zote mahali pake. Kwa hiyo disketi ambayo binti aliamini imekufa ilikuwa hai. Tungo zake zilipatikana zote, ijapokuwa bila majina ya mafaili, na ilitubidi tuziunganishe kwa kufuata vina na mtiririko wa maana.

Adui mkubwa wa disketi za pwani ni ukungu. Joto na unyevu wa masika huotesha kuvu juu ya gundi ya kisahani, na vumbi la barabara ya malori hushikamana nayo. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuitia disketi kama hiyo katika kiendeshi ili "kuijaribu kwanza". Kichwa cha kusomea hukwaruza ukungu, ukungu huondoka na unga wa sumaku, na pale ulipoondoka unga maandishi hayarudi tena. Isitoshe, kichwa kilichochafuka hupeleka madhara hayo katika disketi inayofuata.

Utaratibu tuliofuata ulikuwa kama ifuatavyo. Kila disketi ilipigwa picha pande zote pamoja na lebo yake. Kidude cha kuzuia kuandika kilisogezwa hadi tundu likawa wazi, ili mashine isiweze kuandika lolote. Kisha tulikivuta kilango cha bati kwa kidole na kukizungusha kisahani polepole chini ya taa. Disketi saba zilikuwa safi. Nne zilikuwa na madoa ya kijivu. Hizo nne tulizifungua maganda, tukavitoa visahani na kuvifuta taratibu kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, tukaviacha vikauke kabisa, kisha tukavivika maganda ya disketi nyingine safi. Baada ya kila usomaji vichwa vya kiendeshi vilisafishwa kwa alkoholi hiyo hiyo.

Usomaji nao haukuanza kwa kufungua mafaili. Kwanza tulichukua nakala kamili ya kila disketi, sekta kwa sekta, kisha asili ikarudishwa katika bati, na kazi yote iliyofuata ikafanywa juu ya nakala. Sekta zilizokataa kusomeka zilirudiwa mara nyingi, na katika viendeshi tofauti, kwa sababu vichwa vya kiendeshi kimoja havikai sawasawa na vya kingine. Pale viendeshi vya kawaida viliposhindwa, tulitumia kifaa kinachonakili mageuko ya sumaku yenyewe badala ya baiti, ili programu ijaribu kuyafasiri baadaye. Mwishowe disketi nane zilisomeka zote, mbili zilikuwa na mapengo, na moja, ambayo unga wake ulikuwa umebanduka, haikutoa chochote.

Mwalimu alikuwa ameandika kwa WordPerfect 5.1, programu iliyotoka mwaka 1989. Hapa Kiswahili kilitusaidia. Lugha yetu katika hati za Kilatini haihitaji alama za juu wala herufi za ziada. Hata ng' hutosheka na ritifaa. Hivyo hata bila programu yenyewe, maneno husomeka katika sekta ghafi kama yalivyo, yakiwa yamechanganyika na alama chache za mpangilio. Mtungaji ambaye angeliandika kwa hati za Kiarabu katika tarakilishi ya wakati huo angelituachia kitendawili kigumu zaidi.

Mizani kama shahidi

Sasa tufikie suala linalouhusu uhakiki moja kwa moja. Je, pengo la sekta moja ni hasara kiasi gani? Tuchukue shairi la tarbia lenye mizani 16 katika kila mshororo. Mshororo kama huo, pamoja na nafasi na alama za kituo, huchukua takriban baiti 42, na ubeti mzima takriban 170. Sekta moja ikipotea, zimepotea beti tatu. Katika utenzi wenye vipande vifupi vya mizani nane, zitapotea kama beti sita. Lakini hasara hiyo haiangukii mahali palipo sawa na mipaka ya ubeti. Aghalabu sekta hukata katikati ya neno, ikaacha silabi mbili upande huu na kina upande wa pili.

Tulipoyachunguza mapengo ya disketi mbili zile, tuliona kwamba kanuni za arudhi zinafanya kazi inayofanana sana na utaratibu uliomo katika disketi yenyewe. Kila sekta huandikwa pamoja na baiti mbili za ukaguzi zinazokokotolewa kutokana na maandishi yake. Mashine inaposoma hukokotoa upya na kulinganisha. Hesabu isipolingana, hujua kwamba kuna kosa. Haijui kosa ni lipi, wala haiwezi kulisahihisha.

Mizani ya shairi nayo ni vivyo hivyo. Msikilizaji wa Mvita au wa Lamu akisikia mshororo wenye mizani 15 hutambua papo hapo kwamba kuna kilichopunguka, hata kama hajapata kulisikia shairi hilo. Kanuni hii ndiyo iliyowaongoza wahariri wa miswada ya hati za Kiarabu, ambamo e na i, au o na u, huandikwa kwa alama moja. Mizani na vina viliwapunguzia uwezekano wa kupotoka. Wenyeji wa Mariakani watakumbuka maana nyingine ya neno hili, maana mji wao unajulikana na madereva wa malori kwa sababu ya mizani ya barabarani. Mizani ile humwambia askari kwamba lori limezidi uzito. Haimwambii lori limebeba nini.

Huu ndio mpaka ambao mhariri hana budi kuuheshimu. Kuna yale yanayoweza kurejeshwa kwa yakini. Kibwagizo kisichobadilika kinaweza kurudishwa katika kila ubeti uliopotea, na hiyo ni robo ya ubeti. Kina cha bahari cha utenzi hujulikana hata pale ambapo kipande chote kimepotea. Idadi ya beti zilizopotea inaweza kukadiriwa kwa karibu sana. Kuna pia yanayoweza kukisiwa: neno lililokatwa ambalo mwanzo wake na mwisho wake vipo, na mizani inaruhusu umbo moja tu. Lakini kuna yale ambayo hayana njia. Mishororo mitatu ya ubeti uliozama haiwezi kurejeshwa na mtu yeyote, hata akiwa malenga.

Tunasema hivi kwa sababu kishawishi kilikuwa kikubwa. Katika utenzi mrefu wa marehemu unaosimulia mambo ya mji wake, kuanzia kuja kwa reli hadi soko la mifugo na miaka ya ukame, sekta mbili zilipotea mahali mtunzi alipokuwa akianza kueleza njaa. Tulikuwa tunaijua bahari yake, tunaijua kawaida yake ya kuanza ubeti kwa kitenzi, tunajua hata methali azipendazo. Mmoja wetu alitunga beti 12 za kuziba pengo, na zilikuwa beti nzuri. Binti alizisoma akafurahi, akauliza kama zingeweza kuchapishwa hivyo ili kitabu cha baba kiwe kizima.

Tulimjibu kwamba la. Sikujua aliwauliza watu waliozisikia tungo za Muyaka, au waliozipokea kwa waliozisikia. Chanzo chake kilikuwa kumbukumbu. Sisi chanzo chetu kingekuwa ustadi wetu tu. Tulimshauri badala yake awaendee jamaa na wanafunzi wa zamani wa mwalimu, kwani aliwahi kuusoma utenzi huo mbele ya watu. Beti mbili zilipatikana kwa njia hiyo, kutoka kwa watu wawili wasiokuwa wakiwasiliana, zikitofautiana kwa neno moja. Hizo zitachapishwa, pamoja na tofauti yake. Mahali pa zile kumi patabaki peupe, na tanbihi itasema kwamba disketi ilikatika hapo.

Faili lililofutwa

Jambo la mwisho lilitupa taabu zaidi kuliko ukungu. Faili linapofutwa katika disketi za mtindo huu, mashine haifuti maandishi yake. Hubadilisha herufi ya kwanza ya jina katika orodha na kuzitangaza sekta zake kuwa tupu. Mpaka maandishi mengine yaandikwe juu yake, yaliyofutwa yamo. Zaidi ya hayo, WordPerfect iliweza kutunza nakala ya akiba ya toleo lililotangulia. Hivyo mtu anayechukua nakala kamili ya disketi hupata, bila kutafuta, si yale tu ambayo mtunzi alitaka kuyaacha, bali pia yale aliyoyatupa.

Katika disketi mojawapo tulikuta shairi lenye beti tisa ambalo mtunzi alikuwa amelifuta. Shairi hilo lilihusu mzee aliyesingiziwa uchawi. Msomaji anajua kwamba Kilifi imeshuhudia visa vya kusikitisha vya wazee kuuawa kwa tuhuma hizo, na kwamba mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi. Shairi lililofutwa liliwataja watu kwa majina. Katika disketi nyingine, yenye tarehe ya baadaye, kuna shairi lenye vina vile vile na kibwagizo kile kile, lakini majina hayamo. Mahali pa mzee pamekuwa mnazi mkongwe unaosemwa kuwa unatia kivuli shamba la watu, na waliomsingizia wamekuwa wenye mashoka.

Kwa mhakiki huu ni ugunduzi wa thamani. Tumezoea kufundisha kwamba fumbo katika ushairi wa pwani ni pambo, au ni silaha ya kijembe kama walivyokuwa wakifanya washairi wa siku za Muyaka. Hapa twaona fumbo likizaliwa, hatua kwa hatua, kutoka katika hasira iliyo wazi. Twaona pia kwamba lilizaliwa kwa hadhari: mtunzi aliishi miongoni mwa hao aliowataja. Kama tungechapisha matoleo mawili bega kwa bega, hoja ingesimama bila kuhitaji maelezo.

Hata hivyo hatutayachapisha. Baadhi ya waliotajwa bado wako hai, na shairi si ushahidi wa mahakamani. Mtunzi aliyafikiria hayo kabla yetu, akaamua. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na katika muda huo warithi ndio wenye kauli. Lakini hata bila sheria, kitendo cha kufuta ni kitendo cha utunzi. Mwenye kufuta ubeti ametunga kama aliyeuandika. Kwa hiyo tulimweleza binti kwamba katika mojawapo ya disketi kuna maandishi ambayo baba yake aliyafuta, tukamwambia yanahusu nini kwa jumla, tukamwachia aamue kama angependa kuyaona. Alikaa kimya muda mrefu. "Kama baba aliyafuta, na yabaki yamefutwa," alisema. Kisha akaongeza kwamba tusiyaharibu. Wajukuu huenda wakawa na mawazo mengine. Alituruhusu tueleze haya tuliyoyaeleza, kwa sharti la kutomtaja marehemu. Nakala kamili imefungwa katika bahasha pamoja na maelezo ya masharti hayo.

Wenzetu wa ng'ambo wamekwisha kukabiliana na maswali ya aina hii. Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani kilipochukua hifadhi ya Salman Rushdie mwaka 2006, kilipokea pia tarakilishi zake, na ilibidi mtunzi mwenyewe na chuo waelewane ni mafaili gani wasomaji wataruhusiwa kuyaona. Rushdie alikuwa hai na aliweza kuulizwa. Watunzi wetu wengi wa disketi wameshatangulia mbele ya haki, na walioachiwa mabati ya biskuti hawajui kwamba ndani yake mna zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye lebo. Wala fundi wa dukani hawaambii.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba urejeshaji wa disketi za Mariakani unaendeleza kazi ileile ya kina Sikujua na Allen, kwa zana nyingine. Yapo mambo matatu tunayopendekeza. Kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vyetu, hasa vilivyo karibu na watunzi wenyewe kama Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, ziwe na kiendeshi kimoja cha disketi kinachofanya kazi na mtu mmoja ajuaye kukisafisha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya safari moja ya kwenda London kutazama miswada yetu. Muda ndio ulio mfupi: kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011, na viendeshi vinavyobaki vinazeeka. Pili, toleo lolote litokanalo na disketi lioneshe waziwazi kilichosomwa, kilichokisiwa, kilichopokewa kwa mdomo na kilichopotea. Tatu, yaliyofutwa yasichapishwe bila idhini ya warithi, na yasiharibiwe.

Disketi ile ya 11, iliyobanduka unga, tumeirudisha kwa binti pamoja na zile 10. Lebo yake, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe, inasema kwamba ndani mna mashairi ya mwaka 1994. Hayo hatutayasoma. Tumeyaandika hivyo katika orodha ya kazi zake, kwa tarehe na bila anwani, ili atakayekuja baadaye na zana bora kuliko zetu, au na kumbukumbu bora, ajue pa kuanzia.